Kama introni zote zinakatwa, seli inazibeba za nini?

chipukizi_bio

Wakuu habari zenu, naomba msaada wa kuelewa jambo moja. Tupo kwenye mada ya jeni na kwenye notsi tumeandikiwa kwamba introni ni vipande vya jeni visivyobeba maelekezo ya protini, vinanakiliwa kwenye RNA (nakala ya jeni) pamoja na eksoni, yaani vipande vinavyobaki, kisha vinakatwa na eksoni zinaungwa, basi, tunahamia mada nyingine. Inavyofanyika nimeelewa, ninachotaka ni kwanini. Nimesoma kuhusu jeni ya distrofini, ile protini ya misuli ambayo ikikosekana mtoto anapata ugonjwa wa Duchenne, ina urefu wa herufi zaidi ya milioni 2 za DNA ila RNA iliyokomaa inayofika kwenye ribosomu, mashine ya kuunda protini, ina herufi kama 14,000 tu. Yaani zaidi ya asilimia 99 ya jeni nzima inanakiliwa herufi kwa herufi halafu inakatwa inatupwa! Seli inapata faida gani kwa kazi yote hiyo?

Afu kuna la pili. Tukichukua jeni ya binadamu tukaondoa introni zote, tukaunga eksoni vizuri bila kukosea hata herufi moja, tukairudisha kwenye seli ya binadamu, si itatoka protini ile ile? Kama jibu ni ndiyo basi mi naona wanaosema introni ni takataka ya mageuko wana hoja, na kama ni hapana nataka kujua hiyo tofauti inatokea wapi. Msinijibu kwa kifupi tafadhali, niko tayari kusoma.

mdau_wa_seli

Mkuu umeuliza pazuri, wengi wanapita hapo bila kusimama. Kwa hilo swali lako la pili, ni kweli eksoni zile zile zikiungwa vile vile zitatoa amino asidi, vijenzi vya protini, kwa mpangilio ule ule, ila jiulize unaposema protini "ile ile" ni ipi, maana jeni nyingi za binadamu hazina protini moja. Kwa kuwa jeni imegawanyika vipande, seli inaweza kuchagua eksoni zipi ziungwe na zipi zirukwe, na inachagua tofauti kulingana na ni seli ya kiungo gani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni jeni ya kalsitonini. Kwenye tezi ya thairoidi RNA yake inaungwa kwa namna inayotoa kalsitonini, homoni inayoshusha kalsiamu kwenye damu. Kwenye seli za neva RNA ya jeni hiyo hiyo, DNA ile ile bila tofauti, inaruka eksoni ya kalsitonini na kuchukua eksoni zilizo mbele yake, inatoka CGRP ambayo ni peptidi inayotanua mishipa ya damu na inahusika sana kwenye kipandauso, kuna dawa za kisasa za kipandauso zinazofanya kazi kwa kuizuia hiyo tu. Kazi mbili zisizohusiana kabisa na jeni ni moja. Sasa ukiiondolea introni lazima uamue mapema unabakisha ipi, ukibakisha ya tezi neva zimekosa, ukibakisha ya neva tezi imekosa.

Nzi wa matunda ndo kapitiliza. Ana jeni inaitwa Dscam, inazisaidia neva zake kutambuana, na ndani yake kuna makundi ya eksoni ambapo kila kundi inachaguliwa moja tu, eksoni ya 4 ina matoleo 12, ya 6 ina 48, ya 9 ina 33, ya 17 ina 2. Zidisha utapata 38,016. Jeni zote za nzi huyo zinazotoa protini ni kama 14,000, kwa hiyo jeni moja peke yake ina uwezo wa kutoa aina nyingi za protini kuliko idadi ya jeni zote alizonazo!

Sisi binadamu tuna jeni za protini kama 20,000 hivi, na kale kaminyoo ka maabara C. elegans nako kana karibu idadi hiyo hiyo. Ila kwetu zaidi ya asilimia 90 ya jeni zenye eksoni zaidi ya moja RNA zake zinaungwa kwa njia zaidi ya moja. Kwa mtazamo wangu hiyo pekee inatosha kuondoa neno takataka.

benchi_la_maabara

Mdau hapo juu kasema vizuri, mi naongezea upande wa sisi tunaounda hizi jeni na kuziingiza kwenye seli. Hata ukichukua jeni inayotoa protini moja tu, haina matoleo mengine, bado ukiiondolea introni kuna kitu kinapotea na hicho kitu ni KIASI. Protini ni ile ile lakini inatoka kidogo, wakati mwingine kidogo kiasi kwamba huioni kabisa.

Hili linajulikana muda mrefu. Mwaka 1987 Judy Callis, Michael Fromm na Virginia Walbot walifanya majaribio kwenye seli za mahindi na jeni ya Adh1, bila introni zake jeni ilitoa matokeo duni, ikiwa nazo ilipanda makumi ya mara. Na introni ya kwanza ya jeni hiyo wakaipachika kwenye jeni nyingine ambayo wala siyo ya mahindi na yenyewe ikapanda. Tangu hapo watu wanaounda jeni za kuingiza kwenye mimea au kwenye seli za mamalia wanaweka introni makusudi, unaichomeka baada ya promota (sehemu inayoanzisha unakili) kabla ya sehemu ya protini kuanza, yaani introni ambayo jeni hiyo kiasili haikuwa nayo! Tena mahali unapoiweka pana maana sana, ikiwa karibu na mwanzo wa jeni inafanya kazi, ukiipeleka nje ya sehemu inayonakiliwa au ukiigeuza nyuma mbele mara nyingi inaacha kusaidia.

Sasa inasaidiaje, hapa ndo panaponivutia mimi. Ile mashine inayokata introni, splaisosomu, ikimaliza kuunga eksoni mbili haiondoki hivi hivi. Inaacha kundi la protini limekaa juu ya RNA, kama herufi 20 hadi 24 kabla ya mahali pa maungio, kila ungio na kundi lake. Kwa hiyo RNA iliyopitia ukataji inatoka ikiwa na alama mwilini mwake na RNA ambayo haijawahi kuwa na introni inatoka mtupu, japokuwa ukizisoma herufi zinafanana moja kwa moja. Zile alama zinaisaidia RNA kutolewa nje ya kiini, zinaisaidia isomwe vizuri na ribosomu, na pia zinatumika kukagua ubora. Ribosomu ya kwanza inapopita inazibandua zote njiani. Ikikuta kodoni ya kusimama, yaani herufi tatu zinazoiambia protini imeishia hapo, ambayo imekaa mahali pasipo pake, inasimama mapema, alama za mbele zinabaki hazijabanduliwa, na seli inachukulia hiyo RNA ina kasoro, inaivunja kabla haijatoa protini nusunusu za kuleta madhara. Bila introni huo ukaguzi kwa sehemu kubwa haupo, kwa sababu hakuna maungio.

Kwa hiyo chipukizi, RNA mbili zenye herufi sawa kabisa zinaweza kuwa na maisha tofauti kwa sababu moja ilikatwa na nyingine haikukatwa. Hiyo ndo tofauti uliyokuwa unaitafuta.

hoja_mbele

Naheshimu michango yote hapo juu ila naomba tusivuke mpaka. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "seli inahitaji kuwa na introni" na kusema "kila herufi ndani ya introni ina kazi". La kwanza nakubali, la pili hapana, na wengi wanalithibitisha la kwanza halafu wanaondoka na la pili.

Mwangalieni bunju, yule samaki anayejivimbisha, aina inayoitwa fugu. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ina herufi kama milioni 400, ya kwetu ina bilioni 3 na zaidi, ila idadi ya jeni haipishani sana na yetu. Chukua jeni moja tu, ile ya ugonjwa wa Huntington. Kwa binadamu imeenea kwenye herufi kama 170,000, kwa fugu ni 23,000. Na eksoni je? 67 kwa binadamu, 67 kwa fugu. Introni zipo mahali pale pale zimebaki tangu babu yetu wa pamoja na huyo samaki, kilichobadilika ni urefu, za kwake fupi na za kwetu zimejaa. Zimejaa nini? Kwa sehemu kubwa ni mabaki ya vipande vya DNA vinavyojinakili na kujichomeka sehemu nyingine, akina Alu na LINE. Ukilinganisha herufi za ndani ya introni kati ya binadamu na panya utakuta nyingi zimebadilika ovyo kwa kasi ile ile ya DNA ambayo hakuna kinachoilinda. Kama kila herufi ingekuwa na kazi zisingebadilika namna hiyo, eksoni pembeni yake si zimetulia?

Na hii hoja ya matoleo mengi ya protini nayo tuwe nayo makini. Kuona RNA ya aina nyingi haimaanishi zote zina kazi, splaisosomu nayo inakosea, na matoleo mengi yanaonekana kwa kiasi kidogo mno na hayatoi protini inayoweza kupimika. Kalsitonini sawa, Dscam sawa, hizo zimethibitishwa kwa majaribio. Ila kuchukua ile asilimia 90 na kuihesabu yote kuwa kazi, mi sikubali mpaka nione jaribio la jeni husika.

Pia kuna jeni zinaishi vizuri tu bila introni hata moja. Jeni nyingi za histoni hazina, za interferoni za kundi la kwanza hazina, HSP70 ile ya kuhimili joto haina. Hamira ya mikate ina jeni kama 6,000 na introni zake ni kama 300 tu kwenye jenomu nzima.

benchi_la_maabara

hoja_mbele nakubaliana na wewe kwenye fugu, hilo nalo nimelitumia sana kuwaelezea watu. Ila hiyo ya hamira naomba nikurudie kidogo, kwa sababu hamira ndo imetoa ushahidi mzuri kuliko wote upande wa pili. Hizo introni chache zilizobaki kwa nini zimebaki, kama ukoo huo umepoteza karibu zote? Mwaka 2019 timu mbili tofauti zilichapisha kwenye jarida la Nature kwa pamoja. Moja ilikuwa imetengeneza hamira zilizofutwa introni moja moja, zikiwa na chakula cha kutosha nyingi hazikuonyesha tatizo lolote, chakula kilipoisha zile zilizofutwa zikaanza kushindwa kustahimili kuliko zenye introni zake. Timu nyingine ikaona kwamba baadhi ya introni zikishakatwa wakati wa njaa hazivunjwi, zinabaki zimerundikana ndani ya seli kama RNA, na zinasaidia kuzuia ukuaji mpaka hali itulie. Yaani siyo jeni iliyobeba introni, ni kile kipande chenyewe kilichokatwa. Ukipima kwenye maabara yenye lishe nzuri kila siku utasema haina kazi, na hapo ndo napata wasiwasi na neno "haina kazi" kwa ujumla, je umeipima kwenye hali gani?

hoja_mbele

Hiyo ni hoja nzito na jaribio ni zuri sana, nimelisoma. Hamira introni zake zimepunguzwa sana kwa hiyo zilizobaki zina sababu ya kubaki. Ila binadamu tuna introni zaidi ya laki moja na nusu, usichukue sababu ya zile 300 ukaigawa kwa hizi zote.

mpita_njia

Nisiandike mengi, kuna vitu viwili havijatajwa. Kwanza ndani ya introni kuna RNA nyingine zinazoishi humo. RNA ndogo za snoRNA, zile zinazoelekeza marekebisho ya RNA ya ribosomu, kwa wanyama wenye uti wa mgongo nyingi zinatolewa kwenye introni zilizokwisha kukatwa, na mikroRNA kadhaa pia. Kuna jeni kama GAS5 ambayo eksoni zake zikiungwa hazitoi protini ya maana ila introni zake zimebeba snoRNA kadhaa.

Pili, introni inaweza kuwa na swichi ya jeni nyingine kabisa. Jeni ya SHH inayosimamia umbo la mkono na vidole, swichi yake ya mkono ipo kama herufi milioni 1 mbali, ndani ya introni ya 5 ya jeni nyingine inayoitwa LMBR1. Herufi moja ikibadilika hapo mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada, na LMBR1 yenyewe haina tatizo lolote. Panya waliofutwa swichi hiyo miguu yao haikukua kawaida, ilikatikia njiani.

chipukizi_bio

Asanteni sana wakuu, hili la RNA kubeba alama baada ya kukatwa sikuwahi kulisikia popote. Sasa nauliza mawili. Mpita_njia kasema herufi moja kwenye introni inaleta kidole cha ziada lakini hiyo ni kwa sababu kuna swichi. Je introni ya kawaida isiyo na swichi yoyote, herufi ikibadilika katikati yake inaweza kuleta ugonjwa? Na la pili ni hili la muda, distrofini yenye herufi milioni 2 lazima ichukue muda mrefu kunakiliwa, seli inavumiliaje?

daktari_mtarajiwa

La kwanza niachieni mimi. Ndiyo inaweza, na mfano wake ni thalasemia, ugonjwa ambao mtu anakosa hemoglobini ya kutosha.

Jeni ya beta globini ni fupi na rahisi kufuatilia, ina eksoni 3 na introni 2 tu, introni ya kwanza ina herufi 130. Splaisosomu inatambua introni kwa alama, mwanzo wake kwenye RNA ni GU na mwisho wake ni AG, pamoja na herufi A fulani iliyo karibu na mwisho ambayo mwanzo wa introni unakuja kufungwa hapo, ndo maana introni inayotoka ina umbo la kitanzi. Sasa kuna badiliko moja maarufu sana kwenye nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, herufi ya 110 ya hiyo introni ya kwanza ilikuwa G imekuwa A. Ipo katikati ya sehemu inayotupwa, haigusi eksoni, haigusi ile AG halali ya mwisho. Ila herufi inayofuata baada yake ni G, kwa hiyo badiliko limetengeneza AG mpya, na majirani zake wanafanana vya kutosha na mwisho halisi wa introni hata splaisosomu inaipokea. Inakata hapo, kwenye RNA karibu 9 kati ya 10. Hesabu kilichobaki, kutoka herufi ya 112 hadi ya 130 ni herufi 19, zote zinaingia kwenye RNA iliyokomaa kana kwamba ni eksoni. 19 haigawanyiki kwa 3. Kwa hiyo kuanzia hapo ribosomu inasoma herufi tatu tatu zilizohama, haifiki mbali inakutana na kodoni ya kusimama, na ule ukaguzi aliousema benchi_la_maabara unaivunja RNA. Mgonjwa anabaki na globini inayotoka kwenye ile sehemu ndogo iliyokatwa sawasawa, akiwa amerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama anaweza kuishi kwa kuongezewa damu maisha yake yote. Herufi moja tu na ipo kwenye sehemu ya kutupwa.

Ndo maana nawasihi wenzangu wanaosomea tiba, mkipata majibu ya vipimo vya jeni vilivyosoma eksoni peke yake na hamjaona kitu, msimwambie mzazi jeni iko salama. Kilichosomwa ni eksoni, introni hazijaguswa.

Afu kuna upande wa matumaini. Ugonjwa wa SMA unaodhoofisha misuli ya watoto wachanga unatokana na kukosa jeni ya SMN1. Binadamu tuna pacha wake, SMN2, ambayo inafanana nayo karibu kabisa ila kuna C moja imekuwa T kwenye eksoni ya 7. Hiyo T haibadilishi amino asidi yoyote, inachobadilisha ni jinsi splaisosomu inavyoiona eksoni, mara nyingi inarukwa na protini inayotoka haidumu. Watafiti wakatafuta ndani ya introni ya 7 wakakuta sehemu fupi ambayo protini za kuzuia zinaishika, wakatengeneza kipande cha asidi nukleiki kinachokaa juu ya sehemu hiyo na kuifunika. Eksoni ya 7 ikaanza kuungwa tena. Dawa inaitwa nusinersen, iliidhinishwa Marekani Desemba 2016, inachomwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo, na watoto ambao zamani wasingefikisha miaka 2 baadhi yao wanakaa wenyewe na wengine wanatembea. Nikiisoma hiyo historia huwa nafurahi sana, mahali dawa inaposhika ni kwenye introni, na mtu aliyekuwa ameamua hizo ni takataka asingetafuta hapo.

mdau_wa_seli

La muda nalijibu mimi. Kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA kinaenda kama herufi 2,000 hadi 4,000 kwa dakika, kwa hiyo distrofini nzima inachukua kama masaa 16. Seli ya msuli inavumilia kwa sababu ikishakomaa haigawanyiki, ina muda, na introni zinaanza kukatwa RNA ikiwa bado inanakiliwa, haisubiri mpaka mwisho.

Ila seli inayogawanyika haraka haina huo uvumilivu. Kiinitete cha nzi wa matunda mwanzoni kabisa viini vyake vinagawanyika kila baada ya dakika chache, na kugawanyika kunakatisha unakili. Kuna jeni mbili pacha humo, knirps na mwenzake, protini zao zinafanana kiasi kwamba mmoja angeweza kuziba nafasi ya mwingine, lakini yule mwenzake ana introni ndefu sana, hamalizi kunakiliwa kabla ya mgawanyiko. Mwaka 1992 watafiti wakamwondolea introni wakamrudisha kwenye nzi asiyekuwa na knirps, akaweza kuifanya kazi. Kumbe kilichomzuia muda wote ni urefu.

Na huo ucheleweshaji viumbe vingine vinautegemea. Kwenye kiinitete cha panya pingili za uti wa mgongo zinaumbwa moja baada ya nyingine kwa mapigo ya kama masaa 2, na jeni mojawapo inayopiga hayo mapigo ni Hes7. Protini yake inarudi kuizima jeni yake yenyewe, ikivunjwa jeni inawaka tena, inazima, inawaka. Ili mzunguko huo upige lazima kuwe na kuchelewa kati ya jeni kuwaka na protini kufika, bila hivyo inajizima kidogo inabaki hapo hapo katikati. Mwaka 2011 kikundi cha Japani kikaondoa introni zote za Hes7 kwenye panya. Protini ile ile kabisa, herufi kwa herufi, hilo ndo jaribio lako la swali la pili chipukizi! RNA ikawahi kutoka kwa kama dakika 19, na mapigo yakapotea, pingili na mbavu zikaungana ovyo. Hapo hakuna toleo lingine la protini wala hakuna swichi iliyofichwa ya kusingizia, kilichoondolewa ni muda.

hoja_mbele hapo nafikiri hata wewe utakubali kwamba hata herufi ambazo hazina maana yoyote kwa mpangilio wake bado urefu wake unaweza kuwa na kazi.

hoja_mbele

Hes7 nakubali bila ubishi, na ndo mfano ambao mimi mwenyewe nautaja nikitaka kuonyesha kwamba introni inaweza kuhitajika hata kama mpangilio wa ndani unabadilika. Haugongani na nilichosema.

chipukizi_bio

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. La mwisho kabisa: kama introni ni muhimu hivi, bakteria wanaishije bila hizo? Na insulini ya binadamu si inatengenezwa ndani ya bakteria?

hoja_mbele

Bakteria hawana splaisosomu kabisa, ukimpa jeni ya insulini kama ilivyo kwenye kromosomu yetu atasoma introni kama vile ni maelekezo na kitakachotoka hakina maana. Ndo maana anapewa jeni ambayo haina introni, ama imetengenezwa kikemia ama imenakiliwa kurudi nyuma kutoka kwenye RNA iliyokwisha kukomaa. Na inafanya kazi huko kwa sababu bakteria hana kiini wala hana ule utaratibu wa alama, RNA yake haihitaji kutolewa nje ya chochote. Ribosomu inaidandia RNA ikiwa bado inanakiliwa.

Ila siyo kweli kwamba hawana introni za aina yoyote. Baadhi yao wana introni za kundi la pili, hizi zinajikata zenyewe kwa nguvu ya RNA yake, na kemia ya kujikata ni ile ile ya splaisosomu yetu, mpaka kile kitanzi alichotaja daktari_mtarajiwa. Kufanana huko ndo kumefanya wengi waamini splaisosomu imetokana na introni za namna hiyo. William Martin na Eugene Koonin mwaka 2006 walipendekeza jambo ambalo mi naliona lina mantiki sana ingawa bado ni dhana: kwamba bakteria aliyekuja kuwa mitokondria aliingia ndani ya mwenyeji wake akiwa na introni hizo, zikasambaa kwenye jenomu ya mwenyeji, na tatizo likawa ukataji ni wa polepole na ribosomu ni za haraka, zinaisoma RNA kabla haijakatwa na kutoa protini mbovu. Utando wa kiini ungekuwa ndo suluhisho, kata ndani, soma nje. Kwa hiyo kwa dhana hii kuwa na kiini chenyewe ni matokeo ya introni. Binadamu mitokondria zetu hazina tena introni, zimebanwa mpaka hazina nafasi, ila ukifungua mitokondria na kloroplasti za mimea introni za kundi la pili bado zimo, nyingi tu, na mmea unatumia protini za kutoka kwenye kiini kwenda kuzisaidia zikatike.